Dau la kifamilia: Simba, Yanga na ngamia wa Waarabu wa Jahiliya



Tunapozungumzia kamari, wengi wetu fikra zetu huenda mbali. Tunamfikiria kijana aliyekaa nje ya kibanda umiza na simu mkononi akiutazama mkeka wake uliochanika. Tunafikiria mashine za kutumbukiza sarafu zilizozagaa mitaani. Tunafikiria watu wengine, wasiokuwa sisi. Leo nataka tuizungumzie kamari iliyomo sebuleni, baina ya kaka na mdogo wake, inayochezwa kwa kicheko, yenye sahani ya pilau katikati. Nalizungumzia hili nikiwa mwenye kosa. Katika familia yetu, mimi mwalimu wa Maarifa ya Uislamu ndiye niliyekuwa nashika daftari.

Kwetu ni Binza, Mkoa wa Simiyu, mahali ambapo hadi mwaka 2012 palikuwa ni sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na Waislamu si wengi kama walivyo Pwani, lakini tupo. Nyumbani kwetu, kama zilivyo nyumba nyingi za Tanzania, tumegawanyika mafungu mawili: kaka yangu mkubwa ni Simba, anayemfuatia ni Yanga, shangazi ni Yanga, shemeji ni Simba. Mzee wetu peke yake ndiye hakuwa na timu.

Ilivyoanza

Siku ya Jumapili, Oktoba 20, 2013, nikiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, tulikusanyika kusikiliza mechi ya watani wa jadi. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele kwa mabao 3-0. Wa Yanga wakaanza kuimba. Kaka mkubwa, kwa hasira ya utani, akasema: "Simba hafungwi leo. Nikikosea nanunua kreti la soda. Nikipatia, mnunue nyinyi." Wakakubali upesi, maana nani angekataa? Kipindi cha pili Simba wakarudisha mabao yote matatu, mechi ikaisha 3-3. Kreti likanunuliwa, nyumba nzima tukanywa, hata waliolipa walicheka.

Hapo ndipo mazoea yalipoanzia. Mwaka uliofuata badala ya soda zikawekwa shilingi 2,000 kwa kila mtu, na kila mmoja akawa anaandika matokeo anayoyatabiri. Kwa kuwa mimi ndiye msomi na ndiye "ustadhi", nilipewa daftari, kwa sababu waliniamini. Tukajiwekea na sharti la kutuliza nafsi: mshindi achukue nusu, nusu nyingine iingie katika kibubu cha kununulia mbuzi wa Idi. Mbuzi yule tukila sote, na majirani tukiwapelekea nyama. Nilijiambia kwamba hii haiwezi kuwa kamari. Hapana anayedhulumiwa, fedha hazitoki nje ya ukoo, na masikini anapata fungu lake.

Naomba msomaji aikumbuke hoja hiyo, kwa sababu tutairudia.

Ilivyoishia

Ilipofika Novemba 5, 2023, dau lilikuwa limepanda hadi shilingi 10,000. Tulikuwa watu 11, hivyo zilipatikana shilingi 110,000. Kibubu kilikuwa na shilingi 130,000. Usiku wa kuamkia mechi mmoja wetu akatoa rai kwamba safari hii atakayepatia matokeo kamili achukue vyote, na kibubu pia. Wote wakaafiki. Nami nikaandika.

Mechi ile ilikwenda mapumziko ikiwa bao moja kwa moja. Hatimaye Yanga wakashinda mabao 5-1. Katika daftari langu mtu mmoja tu ndiye aliyeandika matokeo hayo, naye ni mtoto wa kaka mkubwa, kijana wa miaka 16, aliyeandika kwa kumtania baba yake. Shilingi 240,000.

Hapo ndipo utani ulipokwisha. Yule kaka wa pili, wa Yanga, akasema kwamba shilingi 10,000 za kijana ni yeye aliyemkopesha, kwa hiyo nusu ya ushindi ni yake. Kaka mkubwa akasema kijana ni mdogo, hana fedha wala idhini, kwa hiyo mchezo umebatilika na kila mtu arudishiwe chake. Yule akajibu: "Mbona mngeshinda Simba usingesema umebatilika?" Kaka mkubwa akamwambia neno ambalo hadi leo linaniuma: "Wewe unamnunulia mwanangu kamari ili anicheke ndani ya nyumba yangu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ustadhi, ndiye mwenye daftari."

Ulikuwa ni mwezi wa kuandaa mashamba ya pamba. Ndugu wale wawili, ambao kila mwaka walilima kwa jembe moja la ng'ombe, mwaka ule kila mmoja alitafuta ng'ombe wake. Ramadhani ikaingia wakiwa hawasemeshani. Katika Idi el-Fitri ya Aprili 2024 mmoja aliswali safu ya mbele, mwingine ya nyuma, wakatoka kwa milango tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu 2014 hapakuwa na mbuzi.

Sasa tujiulize: ni kitu gani kilichotokea? Je, ni bahati mbaya tu, au ni jambo ambalo Qur'an ilikwishatueleza?

Maysir ilikuwa ni mchezo gani?

Neno lililotumika katika Qur'an kwa ajili ya kamari ni maysir. Wengi wetu tunalisoma na kulifasiri tu kuwa "kamari", tukadhani Waarabu wa zama za ujinga walikuwa na madanguro ya kamari kama ya Las Vegas. Hebu tuangalie wafasiri wanavyoueleza mchezo wenyewe. Zamakhshari katika tafsiri yake ya Al-Kashshaf ni miongoni mwa walioueleza kwa urefu.

Waarabu walikuwa wakimnunua ngamia, wakimchinja na kumgawa mafungu. Kisha walitia mishale kumi ndani ya mfuko. Mishale saba ilikuwa na alama: wa kwanza fungu moja, wa pili mafungu mawili, hadi wa saba mafungu saba. Mishale mitatu ilikuwa mitupu. Mtu muaminifu alitia mkono mfukoni na kuutoa mshale mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Aliyetokewa na mshale wenye alama alipata mafungu yake. Waliotokewa na mishale mitupu hawakupata kitu, na wao ndio waliolipa bei ya ngamia.

Mpaka hapo hakuna la kushangaza. La kushangaza ni hili: walioshinda walikuwa hawali nyama ile. Waliwagawia mafukara, na walijifakharisha kwa ukarimu huo. Na mtu aliyekataa kuingia katika mchezo walimcheka na kumpa jina baya la baram, kwa maana ya bahili asiyejumuika na wenzake.

Ndugu msomaji, zingatia hapo. Mchezo uliokuwa ukichezwa ulikuwa baina ya jamaa na majirani. Alikuwepo muaminifu wa kushika mfuko. Ilikuwepo nyama ya kuliwa pamoja na fungu la masikini. Palikuwepo na aibu kwa asiyecheza. Nilipousoma tena ukurasa ule baada ya Idi ile, niliona kana kwamba nasoma habari za Binza. Ngamia wao ni mbuzi wetu. Mfuko wao ni daftari langu. Na yule muaminifu aliyetia mkono mfukoni ni mimi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwamba "hii ni ya kifamilia na masikini anapata" haikuwa ni udhuru wa kutoka katika hukumu. Hiyo hasa ndiyo sura ya kamari iliyokuwepo wakati Aya zinashuka. Qur'an haikuanza kukataza kwa kuutazama mchezo wa matapeli. Iliukuta mchezo wa marafiki na wakarimu, ikaukataza huo.

Aya zinasema nini?

Katika Suratul Baqara (2:219) Allah (s.w.) anamuelekeza Mtume wake (s.a.w.) awajibu wanaomuuliza juu ya ulevi na kamari. Jibu halikukanusha kwamba yamo manufaa kwa watu. Limekiri kuwa yapo, kisha likabainisha kuwa madhambi yake ni makubwa zaidi kuliko manufaa hayo. Nyama ya masikini ilikuwa ni katika manufaa hayo, nayo haikutosha kuihalalisha.

Kisha katika Suratul Maidah (5:90-91) likaja katazo la moja kwa moja, kamari ikiwekwa pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, na vyote vikaitwa uchafu katika kazi ya shetani. Aya ya pili ikataja sababu. Shetani anakusudia kutia baina ya watu uadui na chuki, na kuwazuilia kumkumbuka Allah na kuswali.

Tuitafakari sababu ya kwanza. Uadui hautiwi baina ya watu ambao tayari ni maadui. Unatiwa baina ya wanaopendana. Mtu akibeti na kampuni kupitia simu yake na kushindwa, atamchukia nani? Labda mlinda mlango. Lakini mtu akishindwa na mdogo wake, fedha yake anaiona mfukoni mwa mdogo wake, na kicheko anakisikia kila anapopita. Kwa upande wa madhara ya mali, dau la kifamilia ni dogo kuliko kamari ya simu. Lakini kwa upande wa uadui, huenda likawa ndilo linalofika karibu zaidi na moyo.

"Lakini ni soda tu"

Wapo watakaosema kuwa kosa letu lilikuwa ni kupandisha dau. Tungebaki kwenye soda, kusingekuwa na ugomvi. Hoja hii ina sehemu ya ukweli katika mambo ya ugomvi, lakini haina nguvu katika hukumu.

Wanazuoni wa kizazi cha Tabiina, wakiwemo Mujahid na Ata, wamepokewa wakisema kuwa kila chenye kuwekeana kitu kwa namna hiyo ni katika maysir, hata mchezo wa watoto wa kushindania jozi. Sisi tungesema: hata gololi, pale watoto wanapocheza kwa "kulana", kila mmoja akiondoka na gololi za mwenzake. Hawakuwa wakiwaonea watoto. Walijua kwamba mazoea hayaanzi na fedha nyingi.

Na ipo hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa mtu atakayemwambia mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Tazama ilivyo nzito. Huyo bado hajacheza, amealika tu. Mdomo wake umetamka, na tayari anatakiwa alifute neno lake kwa sadaka. Sasa itakuwaje kwa aliyealika kila mwaka kwa miaka kumi, akaandika na majina?

Vipi kuhusu Abubakar (r.a.)?

Kuna ndugu yetu mmoja msomaji mzuri wa vitabu alinijia na hoja hii: je, Abubakar (r.a.) hakuwekeana dau na washirikina wa Makka?

Ni kweli habari hiyo imepokewa, na Tirmidhi ni katika walioipokea. Warumi walikuwa wameshindwa na Wafursi. Ikashuka Suratul Rum (30:2-4) ikieleza kuwa Warumi watashinda katika miaka michache. Washirikina wakakejeli, na Abubakar (r.a.) akawekeana nao dau la ngamia. Mapokezi yanatofautiana juu ya idadi ya ngamia na muda uliowekwa, lakini yanaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa neno lililotumika katika Aya kwa "miaka michache" hufika hadi miaka tisa.

Majibu ya wanazuoni ni mawili. Wengi wamesema jambo hilo lilikuwa Makka, kabla ya kushuka katazo Madina, kwa hiyo si hoja baada ya katazo. Wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, wameliangalia kama jambo la kuinusuru dini na kuthibitisha ukweli wa Qur'an. Ukichukua jibu lolote kati ya hayo, hutapata ndani yake njia ya kuwekeana dau la mabao ya Simba na Yanga. Sisi hatukuwa tunainusuru Qur'an. Tulikuwa tunatafuta shilingi elfu kumi kumi za ndugu zetu.

Kipimo chepesi

Ili msomaji aweze kupima mambo ya nyumbani kwake, wanazuoni wameweka kanuni: kamari ni pale kila mmoja anapoingia akiwa baina ya kupata kwa hasara ya mwenzake na kupoteza kwa faida ya mwenzake. Tujaribu kwa mifano.

Kwanza, mchezo wa kupeana, yaani upatu wa akina mama. Kila mmoja hutoa na kila mmoja kwa zamu yake hupokea sawa na alichotoa. Hakuna anayepoteza ili mwingine apate. Hiyo si kamari hata kama tunaiita "mchezo".

Pili, mjomba akiahidi jezi kwa mtoto atakayehifadhi Juzuu Amma kabla ya Ramadhani. Zawadi inatoka kwa mjomba, asiyeshindana, na mtoto asiyehifadhi hapotezi chochote. Hiyo ni zawadi.

Tatu, kila mtu anatoa fedha sawa kabla ya mechi, inanunuliwa nyama na mchele, na wote wanakula vyovyote mechi itakavyokwisha. Huo ni ushirika wa chakula.

Nne, kila mtu anatoa fedha, na mwenye kupatia matokeo anachukua. Hiyo ni maysir, iwe ni shilingi 500 au 500,000, iwe ni baina ya ndugu au wageni.

Tano, hakuna fedha, ila atakayeshindwa atanunua chakula. Baadhi ya watu hudhani hii imesalimika kwa kuwa hakuna aliyetoa mwanzo. Haikusalimika. Hiyo hasa ndiyo ya wale Waarabu: bei ya ngamia ililipwa mwisho na waliotokewa na mishale mitupu. Na hivyo ndivyo lilivyokuwa kreti letu la soda la 2013.

Ama hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo inayoruhusu kushindania zawadi katika mishale, mbio za ngamia na mbio za farasi, hiyo ni kwa wanaoshindana wenyewe katika mambo yaliyokuwa maandalizi ya jihadi. Sisi tuliokaa kwenye mkeka tukitazama wengine wakikimbia, hatumo.

Je, Uislamu umekataza utani na ushindani?

La hasha. Hapa ndipo baadhi yetu walimu tunapokosea. Tunakataza dau, na ndani ya katazo hilo tunakataza na furaha, mpaka kijana anaona dini ni kununa.

Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Katika mapokezi ya Abu Dawud, mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume (s.a.w.) akashinda, akamtania kwamba ushindi huu ni kwa ule wa siku ile. Huo ni utani wa nyumbani uliohifadhiwa miaka, kama tunavyokumbushana mabao 6-0 ya Simba ya mwaka 1977 na 5-0 ya Yanga ya mwaka 1968. Hapakuwa na dau, na furaha haikupungua.

Tena Bukhari amepokea habari ya ngamia wa Mtume (s.a.w.) aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi. Siku moja akaja bedui na ngamia wake akampita. Masahaba (r.a.) wakaumia nyoyo. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah kwamba hakipandi kitu katika dunia ila atakishusha. Natamani kila shabiki wa Simba na Yanga aijue habari hii usiku wa kuamkia mechi.

Hata Wasukuma wa huku kwetu hawahitaji kufundishwa ushindani. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu ni ya tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno makundi mawili husimama uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Yapo ndani yake mambo ya dawa ambayo Muislamu hawezi kuyakubali, na hilo ni somo jingine. Lakini yanatuonesha kuwa heshima ya kushinda peke yake inatosha kuwakesha watu uwanjani.

Fundisho aliyonipa kijana

Tulipatanishwa na mzee wetu, baada ya Idi ile. Aliniambia nilete daftari na nisome mbele ya wote, mwaka kwa mwaka, aliyetoa na aliyepata. Ilichukua muda mrefu. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Katika hizo zote, ni shilingi ngapi zilizotoka nje zikaingia humu ndani?" Hapakuwa na hata moja. Zilikuwa ni fedha zetu zile zile zikizunguka, na kilichoongezeka ni maneno. Kaka mkubwa akainama. Kaka wa pili akaanza kulia, akasema mwaka huu atalima na nduguye. Zile shilingi 240,000 nilikuwa bado ninazo. Kwa kuwa wenye kutoa walijulikana, kila mmoja alirudishiwa chake kwa hesabu ya daftari, na fungu la mmoja wetu aliyekwishafariki wakapewa warithi wake. Hiyo ndiyo njia: mali ya kamari hurudi kwa mwenyewe anapojulikana, na asipojulikana hutolewa kwa wahitaji bila ya mtoaji kutarajia thawabu za sadaka.

Nilidhani mambo yamekwisha. Haikupita muda nikamkuta yule kijana wa 5-1 nyuma ya nyumba na simu, ana mkeka wa mechi saba za Ulaya, kajisajili kwa namba ya mtu mwingine kwa kuwa sheria ya nchi hairuhusu aliye chini ya miaka 18. Nikaanza kumpa mawaidha ya maysir. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba mdogo, mimi sikujifunzia mtaani. Nimejifunzia nyumbani, kwenye daftari lako."

Sikuwa na jibu. Mazingira ya nje yanajulikana. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, michezo hii ni biashara yenye leseni na Bodi yake. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga zote mbili, na mwaka 2022 Simba wakaingia mkataba na M-Bet. Mtoto anaivaa kamari kifuani akiwa bado hajajua kusoma. Halali ya leseni si halali ya dini, lakini serikali haitatufundishia hilo watoto wetu. Ngome iliyobaki ni nyumba, na ngome hiyo mimi ndiye niliyeifungua mlango kwa ndani.

Mafunzo tunayoyapata

1. Ukaribu wa wachezaji na wema wa matumizi ya fedha haviihalalishi kamari. Maysir iliyokatazwa ilikuwa na vyote viwili.

2. Udogo wa dau hauondoi hukumu. Mtoto hujifunza namna, kiasi atajiongezea mwenyewe.

3. Anayeandika na kushika fedha ni mshiriki, hasa akiwa ni mtu anayeaminiwa kwa dini yake. Watu hawakuniuliza kama inafaa, kwa sababu walimuona mwalimu kashika kalamu.

4. Mbadala ni kubakisha utani na kuondoa dau. Sisi sasa kila mmoja hutoa cha chakula kabla ya mechi kwa kadiri ya uwezo wake, wote tunakula, na utabiri unaandikwa bila ya shilingi. Aliyepatia ana haki ya kututania hadi mechi ijayo. Naye kijana ameacha mikeka, na ndiye mwenye daftari hilo jipya.

Nimalizie na habari moja aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwaa (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale. Akawahimiza walenge, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlengaji, na akasema yeye yuko upande wa fungu moja. Fungu la pili likashusha mikono. Akawauliza wana nini. Wakasema watawezaje kurusha naye yuko upande wa wenzao? Akawaambia warushe, kwani yeye yuko pamoja nao wote.

Nilipomsomea mzee wetu habari hiyo alitabasamu, akasema sasa tumejua kwa nini yeye hana timu. Mechi ijayo atakaa pale pale katikati, kaka mkubwa kuliani, mdogo wake kushotoni. Inshaallah nasi tujitahidi kukaa hivyo katika nyumba zetu.

Wabillahi tawfiq.